Maswali magumu ya usaili: Jinsi ya kuyajibu bila kutetereka

KWA kijana ambaye amezungusha barua za maombi ya kazi kwa miezi mingi, mwaliko wa usaili huwa kama mvua baada ya kiangazi. Hata hivyo, wapo wengi ambao huipoteza nafasi hiyo, si kwa kukosa masomo wala tajriba, bali kwa kuduwazwa na swali moja ambalo hawakulitarajia.

Ni vyema kuelewa kwamba swali gumu halinuiwi kumwaibisha msailiwa. Vyeti vyake jopo limekwisha kuviona. Linalotaka kubaini ni namna anavyofikiri anapobanwa.

Mfano mzuri ni wa Dkt Willy Mutunga, aliyehojiwa hadharani na Tume ya Huduma za Mahakama mnamo 2011 alipowania wadhifa wa Jaji Mkuu. Kipuli alichovaa sikioni kilizua maswali katika mchakato huo. Hakukificha wala hakughadhabika, bali alisema wazi kuwa hangekivua ili apewe kazi. Wadhifa aliupata na kuushikilia hadi 2016. Funzo hapa ni kwamba anayejua msimamo wake kabla ya kuulizwa hababaiki.

Swali linalowatatiza wengi ni, “Udhaifu wako ni upi?” Anayejibu kwamba hana udhaifu huonekana mwongo au mwenye majivuno. Yafaa ataje kasoro ya kweli isiyogusa kiini cha kazi anayoomba, kisha aeleze hatua anazochukua kuirekebisha. Karani wa fedha hawezi kusema kuwa hesabu humshinda, lakini anaweza kukiri kwamba alikuwa akiogopa kuzungumza mbele ya watu, na sasa hujitolea kuongoza mikutano.

Akiulizwa kwa nini aliacha kazi ya awali, asimpake tope mwajiri wake wa zamani. Jopo litajiuliza atasema nini kulihusu siku atakapoondoka. Na iwapo alifutwa kazi au alikaa bila ajira kwa muda mrefu, aseme ukweli kwa ufupi, kisha aeleze alichojifunza wakati huo.

Maswali ya aina ya “tueleze wakati ulipokumbana na tatizo kazini” hujibiwa kwa hatua nne: hali ilivyokuwa, jukumu lake, alichofanya na matokeo. Asiyewahi kuajiriwa anaweza kutoa mfano wa chuoni, kwenye chama cha vijana au biashara ndogo ya nyumbani.

Kuhusu mshahara, msailiwa achunguze mapema viwango vya kazi hiyo na kubainisha iwapo anataja mshahara kabla ya makato. Kwa mfano, mwenye mshahara wa Sh50,000 hukatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, yaani Sh1,375, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, yaani Sh750, mbali na kodi ya mapato na akiba ya uzeeni.

Baadhi ya wanawake huulizwa kama wameolewa au wanapanga kupata mtoto. Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza mwajiri kumbagua anayetafuta kazi kwa misingi ya ujauzito. Msailiwa anaweza kujibu kwa upole kwamba hakuna jambo litakalomzuia kutekeleza majukumu yake, kisha ayarejeshe mazungumzo kwenye kazi.

Na swali likimshinda kabisa? Anyamaze kidogo, aombe lirudiwe, au akiri kwamba hajui na aeleze angetafuta wapi jibu. Kubahatisha humponza mtu zaidi kuliko kukiri.

Ujasiri wa aina hii hauji siku ya usaili. Hujengwa nyumbani, kwa kujibu maswali haya kwa sauti mbele ya rafiki atakayekosoa bila kuonea haya. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Kwenda kujibu bila kujiandaa ndiko ujinga.