MAWE YA SHAMBA LAKO: JUA SHERIA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Jina Mwihoko, kwa Kikuyu, maana yake ni tumaini. Siku hizi wenye mashamba wengi wa Ruiru, Juja na Thika wanatumainia kitu kilicho chini ya udongo, yaani mawe ya kujengea. Nairobi yajengwa kila siku, na mawe ya Ndarugo hupendwa na waashi kwa kuwa hukatwa kwa mashine yakawa sawasawa. Basi mtu wa machimbo akija na fedha mkononi, ni vigumu kumkatalia. Lakini yafaa mwenye shamba ajue kwanza anakodisha nini.

Mali ya nani?

Katika Marekani, mara nyingi mwenye ardhi ndiye mwenye mafuta na gesi iliyo chini yake. Makampuni hukodisha haki hiyo kwa jamaa zenye mashamba. Katika jimbo la Pennsylvania, sheria ya 1979 inasema malipo ya mwenye haki yasipungue sehemu moja ya nane.

Kenya sivyo. Katiba ya 2010 inasema madini na mafuta ni mali ya umma. Mafuta yalipopatikana Turkana mwaka 2012, hapakuwa na jamaa iliyoweza kuyauza. Kwa Sheria ya Madini ya 2016, mrabaha hugawanywa hivi: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali hapo. Hata mawe na mchanga wa kujengea vimetajwa katika sheria hiyo. Kwa hiyo mchimbaji lazima awe na kibali.

Hata hivyo mwenye shamba ana nguvu. Sheria hiyo hiyo inasema haki ya kuchimba haitolewi juu ya ardhi ya mtu binafsi bila idhini ya mwenye hati. Idhini hiyo ndiyo mali unayoipeleka mezani.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, jina katika hati. Ikiwa hati ingali na jina la baba aliyefariki, hakuna mtoto awezaye kuikodisha mpaka mahakama itoe hati ya usimamizi wa mirathi.

Pili, mume na mke. Sheria ya 2013 inakataza kukodisha mali ya ndoa ya mke mmoja bila wote wawili kukubali.

Tatu, bodi ya ardhi. Shamba la kilimo lililo chini ya sheria ya udhibiti ya 1967 halikodishwi bila idhini ya bodi. Maombi yapelekwe kabla ya miezi 6 kupita tangu kupatana. Bila idhini hiyo, mapatano ni bure.

Nne, hesabu. Ekari moja ni karibu mita 4,000 za mraba. Ikichimbwa mita 5 kwenda chini, zatoka mita 20,000 za ujazo. Tuseme nusu yake ni takataka, na lori moja labeba mita 8. Hayo ni malori 1,250. Ukikubali kodi ya mwaka tu, malipo yako ni yale yale, yakienda malori 100 au 1,250. Afadhali kudai malipo kwa kila lori, na mtu wa nyumba yako ayahesabu langoni na kuandika daftarini.

Tano, shimo. Kodi itakwisha, lakini shimo litabaki. Mvua ikinyesha hujaa maji, na watoto na ng'ombe huweza kufa humo. Muulize mchimbaji kibali cha NEMA. Yaandikwe katika mapatano kwamba udongo wa juu utawekwa kando, shimo litazungushiwa ua, na mwishowe litajazwa. Tena zuia sehemu ya fedha mpaka kazi hiyo ifanyike, kwa maana mchimbaji aliyekwisha kuondoa mashine zake ni vigumu kumrudisha.

Mambo haya yote yaandikwe katika lugha mnayoielewa, na jamaa wote wakae pamoja wasomewe kabla ya mtu yeyote kutia sahihi. Mlipeni wakili ayatazame. Gharama yake ni ndogo kuliko kujaza shimo la ekari moja.