Gesi imehamia uani, na mtoto yuko hukohuko

Jioni mjini Bariadi, nyumba nyingi hazipikii ndani. Mtungi wa kilo 6, jiko likiwa limefungwa juu yake, hutolewa nje ukawekwa chini ya mwarobaini, na maharage yakabandikwa. Kuna hewa na mama anapika huku akiongea na jirani. Watoto nao wanacheza hapohapo.

Sasa tupime kimo. Mtungi huo, jiko lake na sufuria vikipangwa pamoja vinafika usawa wa kifua cha mtoto wa miaka miwili. Hahitaji kupanda kigoda. Akinyoosha mkono tu, uji wa moto unamshukia usoni na kifuani. Wazazi wengi wakisikia neno gesi wanaogopa mlipuko, na wana haki, lakini kwa mtoto mdogo hatari ya kila siku ni sufuria iliyopinduka. Panga matofali mzunguko wa jiko, au chora mstari ardhini ambao mtoto anajua hauvuki, na mtu mzima asiondoke wakati moto unawaka.

Sisemi turudi kwenye kuni. Moshi wake unachangia nimonia kwa watoto chini ya miaka mitano, na wenye pumu wanaujua vizuri. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi, kwa hiyo mitungi itaongezeka.

Gesi hii si ile gesi asilia ya Songo Songo inayofika kwa bomba kwenye baadhi ya nyumba za Dar es Salaam. Ile ni nyepesi kuliko hewa, hupanda juu. Ya mtungini ni nzito, hutambaa chini na kujaa kwenye vishimo na pembe za kibanda. Kwa hiyo jiko la mkaa lisikae jirani na mtungi, hata kama mko nje.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni usiku. Kwa hofu ya wezi, mtungi huingizwa ndani na mara nyingi hulazwa chumba cha watoto. Kama valvu haikufungwa vizuri, gesi inajaa wakiwa wamelala, na asubuhi mtu anawasha kiberiti. Funga, kisha paka maji ya sabuni kwenye maungio. Mapovu yakivimba, inavuja. Ukisikia harufu kama ya yai bovu, usiguse swichi, si kuwasha wala kuzima. Toa watoto kwanza, fungua milango, piga 114 kwa Zimamoto.

Msimu wa pamba una lake. Marobota na viroba vikipangwa uani, upepo wa kiangazi ukilaza moto upande huo, hakuna atakayeuwahi. Pikia mbali navyo.

Neno kwa wenye kifafa na ndugu zao: degedege likimkuta mtu ameinamia jiko, anaangukia motoni. Asipike peke yake. Kazi za kuchambua mboga na kukata vitunguu zipo, apewe hizo.

Mtoto akiungua, mwondoe kwenye moto, mvue nguo na bangili isipokuwa kilichoganda kwenye ngozi, kisha mmwagilie maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Najua maji kwetu ni ya ndoo. Tumia kikombe, kinga kwa beseni, yachote tena. Sehemu nyingine ya mwili ifunikwe asipate baridi. Barafu hapana. Dawa ya meno, yai, asali na mafuta ya kupikia pia hapana. Vinashika joto au uchafu, na muuguzi atalazimika kuvikwangua mtoto akilia. Funika kwa kitambaa safi kisicho na manyoya.

Kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au liko usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungio au sehemu za siri, usingoje kesho. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, nao wataamua kama aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Bugando, Mwanza. Nguo ikishika moto, alale chini na kubiringika, au mfunike kwa blanketi nzito. Akikimbia, upepo unauchochea.