UTITIRI WA VUMBI NA MZIO: JINA LINALOFAA

Wafasiri wa vijitabu vya afya hupata taabu wafikapo kwenye kile kidudu kiishicho katika vumbi la nyumba, ambacho huwaletea baadhi ya watu chafya, macho kuwasha na pumu. Tumepata kukiona kikiitwa kupe wa vumbi, na pengine kiroboto. Majina hayo hayafai, na ubaya wake hauishii karatasini. Kupe na kiroboto hufyonza damu. Mama asomaye hivyo atatafuta alama za kuumwa mwilini mwa mwanawe, asizione, kisha atapuliza dawa ya wadudu chumbani mwa mtoto mwenye pumu, nayo yaweza kumzidishia kubanwa kifua.

Kidudu chenyewe hakiumi. Urefu wake ni kama milimita 0.3, kina miguu minane (hapo kweli ni jamaa ya kupe), na chakula chake ni magamba ya ngozi yetu yapukutikayo kitandani. Jina lake la kisayansi, Dermatophagoides, limejengwa kwa maneno ya Kiyunani ya ngozi na kula. Kinachodhuru hasa ni kinyesi chake, ambacho huruka pamoja na vumbi kikavutwa puani. Voorhorst na Spieksma wa Leiden, Uholanzi, ndio waliokihusisha na maradhi hayo mwaka 1964.

Twapendekeza utitiri wa vumbi. Mfugaji wa kuku aujua utitiri kwa udogo wake na kwa wingi wake. Huo wa kuku huuma, ndiyo sababu maneno "wa vumbi" yasiachwe. Mzio nao hauhitaji kutungwa upya: tangu zamani ni chakula ambacho mtu hukiepuka kwa kuwa humdhuru au ni mwiko kwake, na maana ya kitabibu imeota juu ya shina hilo. Aleji ibaki katika mazungumzo.

Katika maelezo ya kinga, vitenzi vya nyumbani vyatosha: kufua shuka na foronya kila juma kwa maji ya nyuzijoto 60, kuanika godoro kwenye jua kali, kulikung'uta nje wala si chumbani, kupangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji. Lakini mfasiri asifuate kila sentensi. Utitiri haunywi maji. Hufyonza unyevu wa hewa, na hewa ikikauka chini ya asilimia 50 kwa muda mrefu hufa. Kwa hiyo vitabu vya nchi za baridi hushauri madirisha yafunguliwe wakati wa kipupwe, kwa kuwa hewa ya nje huko ni kavu. Ushauri huo ukifasiriwa neno kwa neno kwa msomaji wa Tanga au Unguja wakati wa masika, utamwingizia unyevu chumbani. Hapo jua la kiangazi ndilo la kutajwa.

Limebaki jina la kile kitu chenyewe kiamshacho mzio. Wako wanaopenda kizio, lakini neno hilo tayari lina kazi katika jiografia, kama katika kizio cha kaskazini. Twaona afadhali kuandika kiamsha mzio, ijapokuwa ni refu.