Mwaka wa Masomo Ugenini: Swali Litangulie Safari

Katika makala hii twakusudia kueleza jinsi mwaka wa masomo katika chuo rafiki huko Ujerumani unavyokwenda, na kwa nini baadhi ya wanafunzi wetu wa teolojia hurudi na picha nyingi kuliko maarifa. Hatusemi hivi ili kuwalaumu. Wengi walisafiri bila kuambiwa jambo ambalo sisi pia hatukuambiwa, yaani kwamba mwaka huo si mwaka mzima.

Mihadhara ya muhula wa baridi huanza katikati ya Oktoba na kukoma Februari; ile ya muhula wa kiangazi huanza Aprili na kukoma Julai. Kwa kawaida majuma ya kufundishwa hayapiti 30. Kabla ya hapo ipo lugha. Mwanafunzi aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu sekondari aweza, baada ya kozi fupi, kununua mkate kwa Kijerumani, lakini hawezi kufuata mhadhara juu ya kuhesabiwa haki kwa imani. Sisi wenyewe tuliketi katika semina ya Waraka kwa Warumi muhula mzima bila kufungua kinywa, na mwalimu wetu akadhani ni adabu ya Kiafrika.

Tena kuna insha. Kwetu mwanafunzi hufanya mtihani na muhula umefungwa. Huko, anayehudhuria semina hudaiwa insha ndefu ya utafiti, nayo huandikwa katika miezi isiyo na mihadhara. Wenyeji huiita miezi hiyo likizo, nasi tukisikia likizo twaelewa likizo.

Ndipo sharika rafiki zinapomwita. Jumapili hii ataleta salamu, Jumapili ijayo atawafundisha watoto wimbo wa Kiswahili, na jioni moja ataonyesha picha za nyumbani. Upendo huo ni wa kweli, wala hatuudharau. Lakini mtu aliyetumwa kusoma amekwisha kugeuzwa balozi, na insha yake imelala mezani. Twashauri Jumapili moja kwa mwezi, na dayosisi iwaandikie wenyeji hivyo mapema, maana mgeni mwenyewe hana uso wa kukataa.

Kwa kuwa muda ni mfupi hivyo, mwanafunzi asiende kutafuta swali, aende nalo. Marehemu Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alisoma Bethel, Ujerumani, kisha Chuo Kikuu cha Boston, Marekani. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1974 kinataja Kanisa na ukoo katika jina lake. Swali la ukoo hakuliokota Boston. Ni swali la Buhaya, ambako Mkristo hubaki mtoto wa ukoo wake hata baada ya ubatizo. Ugenini alipata vitabu na walimu wa kumsaidia kulipima. Mwaka 1977, katika mkutano mkuu wa Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Mwenye swali hupata msaada hata mahali ambapo mwingine angepita tu. Nyaraka za Misioni ya Leipzig, iliyoanza kazi Machame mwaka 1893, zimehifadhiwa Halle. Barua nyingi za zamani ziko katika mwandiko wa Kijerumani wa kale, ambao hata vijana wa Kijerumani hawausomi kwa urahisi, hivyo yapasa kujifunza kuusoma. Mwanafunzi wa Kilimanjaro anayeuliza jinsi wazee wa kwanza wa usharika walivyopatikana ana sababu ya kuvumilia kazi hiyo. Asiye na swali atachoka siku ya pili. Basi swali liandikwe kwa sentensi mbili au tatu, na mwalimu wa nyumbani alipitie kabla ya safari.

Liko pia jambo la ofisini. Mkuu wa masomo aandike, kabla tiketi haijakatwa, ni masomo gani yatakayotambuliwa. Vyuo vya Ulaya kwa kawaida huhesabu mwaka mzima kuwa pointi 60. Zisipotambuliwa nyumbani, mwanafunzi hurudi na kukuta wenzake wamekwisha kubarikiwa kuwa wachungaji, naye huketi tena katika darasa aliloliacha.