Panda: Dubu au jamaa ya rakuni? Visukuku vyafumbua fumbo

KWA zaidi ya miaka 100, wataalamu wa wanyama walizozania swali linaloonekana jepesi: je, panda wa China ni dubu, au ni jamaa ya rakuni, yule mnyama mdogo wa Amerika mwenye mkia wa mistari?

Mzozo ulianza mwaka wa 1869, pale mmishonari Mfaransa, Armand David, alipompata panda mkubwa katika mkoa wa Sichuan na kumwita dubu. Mwaka uliofuata, Alphonse Milne-Edwards wa Paris aliichunguza mifupa na meno yake, akashikilia kuwa anafanana zaidi na panda mwekundu. Huyu ni mnyama wa milima ya Himalaya, asiyemzidi paka sana kwa ukubwa, ambaye alihesabiwa kuwa wa jamii ya rakuni.

Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Panda wote wawili hula mianzi, na kila mmoja ana gumba la ziada. Gumba hilo si kidole halisi, bali ni mfupa mdogo wa kifundo cha mkono uliorefuka, nao humwezesha mnyama kushika mwanzi anapoutafuna.

Kidole kimoja, wahenga walinena, hakivunji chawa. Ushahidi wa kidole kimoja nao haukutosha kuamua ukoo. Mwaka wa 1964, Dwight Davis wa jumba la makumbusho la Field, Chicago, alichapisha uchunguzi wa kina wa mwili wa panda mkubwa na kuhitimisha kuwa ni dubu. Mnamo 1985, uchunguzi wa chembe za urithi ulioongozwa na Stephen O'Brien ulimuunga mkono. Panda mwekundu naye alibainika kuwa na familia yake mwenyewe, iliyo karibu na ile ya rakuni na ile ya vicheche, ambamo nyegere wetu pia yumo.

Hata hivyo, swali moja lilisalia. Ikiwa wawili hao si ndugu wa karibu, walipataje kiungo kinachofanana? Hapo ilibidi visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, vitoe ushahidi.

Jibu la kwanza lilitoka Hispania. Katika eneo la Batallones, karibu na Madrid, kulifukuliwa mifupa ya Simocyon, jamaa wa kale wa panda mwekundu aliyeishi takriban miaka milioni 9 iliyopita. Mwaka wa 2006, watafiti walieleza kuwa mnyama huyo, aliyekaribia chui kwa ukubwa, alikuwa na gumba la ziada ilhali meno yake hayakuwa ya mla mianzi. Kwa maoni yao, gumba hilo lilimsaidia kupanda miti. Katika ukoo huo, basi, gumba liliitangulia mianzi.

Jibu la pili lilitoka mkoa wa Yunnan, China. Mwaka wa 2022, watafiti walieleza gumba la Ailurarctos, dubu wa ukoo wa panda mkubwa aliyeishi kati ya miaka milioni 6 na 7 iliyopita. Gumba lake lilikuwa refu kuliko la panda wa leo. Walisema la sasa ni fupi kwa kuwa mnyama hulikanyagia atembeapo, na refu lingemtatiza.

Kwa hivyo, gumba lilizuka mara mbili, katika koo mbili, na kwa sababu tofauti. Kufanana si udugu.

Tofauti hiyo si ya majina tu. Panda mkubwa ana jamaa saba wa aina ya dubu walio hai. Panda mwekundu hana mwenzake katika familia yake. Simocyon na wengineo walitoweka zamani. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemworodhesha miongoni mwa wanyama walio katika hatari ya kuangamia. Akitoweka, ukoo mzima utakuwa umefutika, na kitakachosalia ni mifupa tu.