Mitego ya "Uso" na "Plazima" katika Tafsiri za Tiba

Kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto. Miongoni mwa mambo yaliyopimwa ni kingamwili katika damu. Kwa kawaida kipimo cha aina hiyo hufanywa katika sahani yenye vishimo 96, iliyotengenezwa kwa plastiki iitwayo polistirini. Mzazi wa Korogwe, au wa wilaya jirani ya Handeni, ana haki ya kuelezwa damu ya mwanawe itafanyiwa nini. Hapo ndipo mfasiri anapohitajika.

Polistirini kwa asili hukataa maji. Tone hujikusanya juu yake badala ya kutandaa. Ili protini zishike barabara, baadhi ya sahani hutayarishwa kwa gesi iliyotiwa nguvu ya umeme hata chembe zake zikapata chaji. Gesi ikiwa oksijeni, atomi zake hujiunga na tabaka la nje kabisa, nalo huanza kupokea maji. Plastiki ya ndani haibadiliki.

Mfasiri anayefuata neno kwa neno ataandika: "Uso wa plastiki umerekebishwa kwa plazima." Sentensi hiyo ina mitego miwili. Kwanza, msomaji wa kawaida atafikiri habari ni ya upasuaji wa sura ya mtu. Pili, plazima ni jina pia la majimaji ya damu. Basi mzazi aweza kuelewa kwamba sahani imepakwa damu ya mtu mwingine. Katika nchi ambamo habari za mumiani hazijasahauliwa, kosa hilo si dogo: laweza kumfanya mzazi akatae, au akubali jambo asilolielewa.

Kwa maandishi ya umma, twapendekeza "tabaka la nje" badala ya "uso", "kutayarisha" badala ya "kurekebisha", na "gesi yenye chaji" badala ya "plazima". Ile ya mwilini iitwe daima "plazima ya damu". Vitabu vya fizikia viendelee kutumia "plazima", maana huko ni hali ya nne ya maada, na mwalimu yupo wa kufafanua. Mzazi mwenye fomu ya ridhaa mkononi hana mwalimu. Ana maneno yetu tu.