Pikipiki ya Kabureta Bado Ina Soko

Madereva wengi wa bodaboda Tanzania na Kenya hupenda Boxer au TVS HLX ya kabureta, yenye injini inayopozwa kwa hewa. Kabureta huchanganya petroli na hewa bila kompyuta; ikiziba kwa uchafu, fundi wa kijiweni huifungua kwa bisibisi, akapuliza jeti, safari ikaendelea. Betri ikifa, kiki ipo.

Pikipiki mpya zinazopima petroli kwa kompyuta hula mafuta kidogo na moshi wake ni mchache. Lakini sensa ikiharibika huhitaji mashine ya kupimia, na vijijini ni nadra kuipata. Breki za ABS, zilizofungwa kwenye BMW K100 mwaka 1988, ni suala jingine: huzuia tairi kujifunga kwenye lami yenye maji. Hizo zinastahili gharama yake.